Fungu la Kila Mtu: Haki, Hisani au Uvivu?

Wahenga walituachia methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna mwanafunzi wa shule zetu asiyeijua, na wengi wameiandikia insha. Mwalimu Julius Nyerere naye aliitumia katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya misingi ya Ujamaa, ili kuonyesha kwamba katika jamii zetu za asili ukarimu na kazi vilikwenda pamoja, na kwamba hapakuwa na nafasi ya kupe anayeishi kwa jasho la mwenziwe. Sisi tulioanza shule katika miaka ya Ujamaa tulifundishwa methali hiyo kabla hatujaweza kushika kalamu sawasawa, na hata leo hatujaona sababu ya kuitupa.

Hata hivyo, limeenea duniani wazo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuipinga methali hiyo waziwazi. Wazo lenyewe ni kwamba kila mtu apewe na nchi yake kiasi fulani cha fedha kila mwezi, kiasi cha kumwondolea njaa, bila kuulizwa kama ana mali au hana, wala kama anafanya kazi au hafanyi. Wenye kulitetea huliita kipato cha msingi kwa wote. Katika makala haya tungependa kulipima wazo hilo kwa mizani ya utamaduni wetu. Tunafanya hivyo kwa sababu moja kubwa: watu wanaoliunga mkono ni watu ambao katika mambo mengine yote hawapatani hata kidogo. Yafaa tujiulize kama mapatano ya namna hiyo ni ya kweli, au ni ya maneno tu.

Tuanze na historia, maana wazo hili si geni. Mwaka 1797 Thomas Paine, mwandishi Mwingereza aliyeshiriki katika mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa, alitoa kijitabu juu ya haki ya ardhi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Ardhi katika hali yake ya asili ilikuwa mali ya watu wote. Kwa hiyo anayeimiliki peke yake ana deni kwa wale waliokosa. Akapendekeza mfuko utakaotokana na kodi ya mirathi, ambao ungempa kila kijana anayetimiza miaka 21 paundi 15 za kuanzia maisha, na kila mzee wa miaka 50 na zaidi paundi 10 kila mwaka. Alisisitiza kwamba malipo hayo yawe haki, yasiwe sadaka.

Karne na nusu baadaye, mwaka 1962, Milton Friedman wa Marekani, mtetezi mkubwa wa soko huria na mtu ambaye wajamaa hawakumpenda hata kidogo, alipendekeza kwamba raia mwenye kipato kidogo kuliko kiwango fulani asilipe kodi, bali alipwe na serikali. Sababu yake haikuwa ile ya Paine. Friedman aliona kwamba ofisi nyingi za misaada na makarani wake zinakula fedha na kuwaingilia watu katika maisha yao. Heri maskini apewe fedha mkononi, ajiamulie mwenyewe. Mwaka 1967 Martin Luther King, mchungaji na mpigania haki za watu weusi, akadai kipato cha uhakika kwa kila mwananchi kwa sababu ya tatu, nayo ni utu: kwamba ni aibu nchi tajiri kuwa na watu wasio na chakula. Huko Alaska gavana Jay Hammond wa chama cha Republican alisimamia mpango wa kugawa sehemu ya faida ya mfuko wa mafuta kwa kila mkazi, na mwaka 1982 kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, akapokea dola 1,000. Gawio hilo limeendelea kutolewa kila mwaka, ingawa kiasi chake hupanda na kushuka.

Barani Afrika, mwaka 2008 na 2009, wakazi wa kijiji cha Otjivero nchini Namibia walilipwa dola 100 za nchi hiyo kila mwezi, kwa juhudi za umoja wa makanisa, vyama vya wafanyakazi na mashirika mengine. Aliyekuwa mbele katika jambo hilo ni Zephania Kameeta, askofu wa Kilutheri, ambaye mwaka 2015 alifanywa waziri wa kushughulikia umaskini. Jirani zetu wa Kenya wameshuhudia jaribio kubwa zaidi. Shirika la GiveDirectly lilianza na kijiji kimoja mwaka 2016, kisha likapanua malipo hayo kwa vijiji vingine, vingine kwa ahadi ya miaka 12, ambapo kila mtu mzima alipata kiasi cha shilingi 2,250 za Kenya kwa mwezi. Watafiti walipotoa matokeo ya kwanza mwaka 2023, hawakuona kwamba watu waliacha kazi. Waliona wengi wakiacha vibarua vya kuajiriwa na kuanzisha shughuli zao wenyewe.

Na kwetu je? Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hakuajiriwa, awe na mtoto mwenye uwezo au hana. Haikuulizwa ni nani fukara. Huku Bara, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, uliosambazwa kuanzia mwaka 2013 na kufikia kaya zaidi ya milioni moja, umefuata njia nyingine: kaya maskini huteuliwa kwa kushirikisha mkutano wa kijiji, kisha hali yao huhakikiwa, na baadhi ya malipo hufungamana na watoto kwenda shule na kliniki. Basi katika Jamhuri moja tunazo njia mbili: moja yatoa kwa wote wa rika fulani, na nyingine yachagua.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, Paine, Friedman, King na Kameeta wamekubaliana? Wapo watakaosema la, kwa kuwa kila mmoja ana sababu yake. Mmoja asema ardhi ilikuwa ya wote. Mwingine asema serikali ipunguze makarani. Wa tatu asema utu. Watu wasiokubaliana juu ya sababu wawezaje kukubaliana juu ya tendo?

Sisi twaona jibu la swali hilo liko karibu nasi, pale Mabogini, kwenye tambarare iliyo kusini ya mji wa Moshi. Anayeshuka kutoka mjini kuelekea mashamba ya miwa hupita kando ya majaruba ya mpunga. Mengi ya majaruba hayo yalitengenezwa na mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980 na kukamilika mwaka 1987. Wakulima wake ni mchanganyiko: wako Wachaga walioshuka mlimani kwa sababu vihamba vimekwisha, wako Wapare, wako Wakahe, na wako wengine waliokuja kutafuta kibarua wakabaki. Misikiti ipo na makanisa yapo. Siku ya kuzibua mfereji, watu hawa wote hushika majembe na makoleo. Mmoja anazibua kwa sababu mpunga wake umeanza kukauka. Mwingine kwa sababu anaogopa faini. Wa tatu kwa sababu dini yake yamfundisha kushirikiana na jirani. Maji hayaulizi sababu hizo. Yakipita, yamepita kwa wote.

Kwa hiyo si lazima watu wawe na sababu moja ndipo wafanye jambo moja. Huo ndio msingi wa kila ushirika, na ndio msingi wa taifa lenye makabila zaidi ya 120. Lakini tuongeze jambo ambalo mkulima yeyote wa Mabogini analijua. Wakati wa kuzibua mfereji mapatano ni rahisi. Ugomvi huanza wakati wa kugawa maji. Mradi ule ulipoonyesha faida ya mpunga, wakulima wa juu yake nao walianza kulima mpunga, wakayakinga maji kabla hayajashuka, na majaruba mengi ya chini yakakosa maji. Kila mmoja alikubali kwamba maji ni ya wote. Hawakukubaliana juu ya kiasi, wala juu ya nani atangulie.

Ndivyo ilivyotokea kwa kipato cha msingi huko Marekani. Mwaka 1969 Rais Richard Nixon, ambaye hakuwa mjamaa kwa vyovyote, alipendekeza mpango wa kuzihakikishia kipato familia zenye watoto. Mwaka 1970 mpango ukapita katika Baraza la Wawakilishi, ukakwama katika Seneti. Waliouangusha walitoka pande mbili. Upande mmoja walisema fedha ni nyingi mno na zitaleta uvivu. Upande wa pili walisema fedha ni kidogo mno na ni dharau kwa maskini. Tunajifunza hapo kwamba jina la jambo laweza kupendwa na wote, lakini tarakimu zikiandikwa kila mtu hurudi kwenye upande wake.

Tutazame sasa utamaduni wetu wasemaje. Wako wanaodhani kwamba kumpa mtu kitu bila kazi ni mawazo ya kigeni. Hatukubaliani nao. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Mchaga akichinja, nyama haigawiwi kwa kutazama nani amefanya kazi zaidi siku ile. Kidari ni cha baba, na wengine nao wana sehemu zao kwa nafasi zao katika ukoo. Mzee asiyeweza tena kushika panga hupelekewa kidari chake, na akinyimwa, ukoo mzima hutahayari. Ni fungu linalomfikia mtu kwa sababu ya kuwa yeye ni nani kwao. Kadhalika kijana alipooa, alikatiwa kihamba na baba yake, au alikwenda kwa Mangi akapewa pori lisilo na mwenyewe, mipaka yake ikapandwa masale. Hakukinunua kihamba kile. Alipewa mahali pa kuanzia, kisha jasho likawa juu yake. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali iligawa ardhi ekari tatu tatu kwa wakulima kwa fikira iliyo karibu na hiyo.

Lakini tusiusifu utamaduni kwa kuficha kasoro zake. Kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume. Binti alitegemea kihamba cha mume, na mjane alitegemea huruma ya mashemeji. Na pori lilipokwisha, Mangi hakuwa na kitu cha kumpa kijana aliyekuja mwisho. Ndiyo maana wengi walishuka tambarare. Fungu lililokuwa la wote lilikuwa, kwa kweli, la wanaume waliozaliwa mapema. Ikiwa tunataka kurithi fikira ile, yatupasa tuirithi pamoja na masahihisho yake: fungu liwe la mwanamke sawasawa na mwanamume, na lisiwe la ardhi peke yake, kwa sababu ardhi haiongezeki na watu wanaongezeka.

Hapa hatuna budi kueleza jambo lililotupata sisi wenyewe, si kwa kutaka kulaumu mtu, bali kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike. Mwaka mmoja wa ukame, miaka mingi iliyopita, yaliletwa mahindi ya msaada katika kijiji kimoja cha tambarare. Hayakuwatosha wote, kwa hiyo ilipasa kuchagua. Sisi tulikuwa watumishi wadogo, na kwa kuwa mwandiko wetu ulisifiwa, tulikabidhiwa daftari. Kipimo tulichopewa kilikuwa cha haraka: tazama nyumba. Tukafika kwa bibi mmoja, mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa na bati jipya lililong'aa. Bati lile lilinunuliwa na mwanawe kabla hajaondoka kwenda mbali, na tangu aondoke hakuwa ameleta barua wala senti. Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile tuliona bati, tukakata jina lake kwa mstari mmoja wa wino. Nyumba ya tatu kutoka hapo ilikuwa ya nyasi, mwenyewe ana ng'ombe aliowapeleka malishoni kwa jamaa zake. Jina lake tuliliacha.

Mgao ulipokwisha bibi yule alikuja. Hakupiga kelele. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, bati haliliwi." Tukamweleza habari za utaratibu. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaondoka. Tuliendelea kumwamkia kila tulipokutana naye njiani, naye aliitikia marahaba kama kawaida ya watu wazima, ila hakutuita tena mwanangu.

Tumelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mwanzoni tulijiambia kwamba kosa lilikuwa la kipimo, na kwamba kipimo bora kingempata. Huenda ni kweli kwa kiasi. Lakini kadiri miaka ilivyopita tuliona kwamba lipo kosa jingine lililo ndani zaidi. Hata kama kipimo kingekuwa sahihi kabisa, bibi yule angelazimika kutuonyesha ndani ya nyumba yake, chungu kilicho tupu na mwana aliyemsahau, na majirani wakisikiliza. Kwa watu wetu, umaskini hustiriwa. Mtu mwenye heshima huficha njaa yake, na mara nyingi aliye hodari wa kujieleza hupata kuliko aliye na shida.

Jirani zetu wa Upare walikwisha kulipigania jambo la aina hiyo, ingawa kutoka upande wa pili. Katika miaka ya 1940 utawala wa kikoloni ulileta kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kiwango chake kilitegemea makadirio ya mali ya kila mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu walikusanyika Same, wakakaa huko kwa majuma mengi, na baadaye wanawake nao wakajitokeza. Hawakusema kwamba hawatalipa kodi. Walichokataa ni mbiru, ule utaratibu wa watu kuingia katika maisha ya mtu, wakahesabu na kukadiria, na mwisho serikali ililazimika kuiacha. Basi ikiwa mtu ana haki ya kuchukia kuhesabiwa mali yake ili atozwe, je, hana haki ya kuchukia kuhesabiwa umaskini wake ili apewe? Kipato cha msingi, kwa namna fulani, ni kodi ya kichwa iliyogeuzwa: badala ya kila kichwa kutoa sawa, kila kichwa chapokea sawa, na hakuna anayepekuliwa.

Twajua mwalimu makini atasimama hapa na kuuliza swali la kazi. Je, kijana wa Mabogini akipewa fedha kila mwezi, si ataliacha jembe na kukaa kijiweni? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba huko Kenya haikuonekana hivyo. Yatupasa tuitazame upya methali tuliyoanza nayo. Tunaposisitiza siku ya tatu, tunasahau mambo mawili. Kwanza, mgeni alilishwa siku mbili kabla ya kuulizwa chochote. Hakuna mzee aliyempa jembe mtu aliyekuja na njaa. Pili, methali yasema mpe jembe. Haisemi muuzie wala mwambie akatafute. Na jembe lile lilitolewa pamoja na mahali pa kulimia. Leo mkulima wa tambarare anahitaji jaruba la kukodi, mbegu, mbolea, dawa na malipo ya maji. Kumwambia kijana asiye na hivyo vyote ashike jembe ni kumpa mpini.

Tena, Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo hakuna anayeweza kulishuku kuwa lilipenda uvivu, lilitaja wale wenye haki ya kutegemea wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza na walemavu. Lakini halikuishia hapo. Liliwataja pia wale ambao dola, kwa wakati fulani, haiwezi kuwapatia nafasi ya kufanya kazi. Maneno hayo husahauliwa mara nyingi. Maana yake ni kwamba hata waasisi wa siasa ya kazi walitambua kuwa wajibu wa kufanya kazi una mwenzake, nao ni wajibu wa jamii kumpatia mtu kazi ya kufanya. Jamii isipotimiza wajibu wake, haina haki ya kumwita mtu kupe.

Hata hivyo tunakiri kwamba mfereji nao una sheria. Asiyekwenda kuuzibua hutozwa faini au hukosa zamu yake. Hatutaki vijana wasome makala haya wakadhani kwamba tunahubiri kupokea bila kutoa. Tofauti ni hii: mzee, mgonjwa na mjamzito hawakutozwa faini ya mfereji, na maji ya kunywa hayakunyimwa mtu yeyote, hata mvivu. Palikuwa na maji ya shamba, yaliyofungamana na kazi, na palikuwa na maji ya mtungi, ambayo ni ya uhai. Kipato cha msingi, kama kitakuja, kiwe maji ya mtungi. Kiwe kidogo, cha kuzuia njaa na aibu, na juu yake kila mtu ajitafutie kwa jasho lake.

Linabaki swali la fedha, na ni vizuri wanafunzi walifanyie hesabu wenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Tukimpa kila mmoja shilingi 20,000 kwa mwezi, tutahitaji zaidi ya shilingi trilioni 14.8 kwa mwaka. Bajeti yote ya serikali ya mwaka 2023/24 ilikuwa trilioni 44.39. Basi theluthi nzima ya bajeti ingekwenda huko, na mtu angepata shilingi mia sita na ushei kwa siku. Anayesema jambo hilo laweza kufanyika kesho bila kugusa shule na zahanati, ama hajapiga hesabu, ama anatudanganya. Na hapo ndipo tahadhari yetu kubwa ilipo. Miongoni mwa wanaounga mkono wazo hili wako wanaotaka fedha ya mkononi ichukue mahali pa huduma za umma, na wako wanaotaka iwe juu ya huduma hizo. Wote hulitaja jina moja. Lakini bibi aliyepewa shilingi 20,000 na kunyang'anywa zahanati ameibiwa. Mwananchi akisikia watu wa vyama na itikadi mbalimbali wakilisifu jambo moja, asishangilie kabla ya kuwauliza maswali matatu: kiasi gani, nani atalipa, na nini kitaondolewa.

Ila hesabu hiyo hiyo yatuonyesha mlango. Kila wazee milioni moja wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, gharama yake ni shilingi bilioni 240 kwa mwaka, ambazo ni kama nusu ya asilimia moja ya bajeti ile. Zanzibar imekwisha kuanza. Kenya nayo tangu mwaka 2018 imelipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za nchi hiyo kwa mwezi. Umri hauhitaji kupekuliwa ndani ya nyumba. Hauna bati wala nyasi. Na mali asili tulizo nazo, kama gesi ya Mtwara na Lindi na tanzanite ya Mirerani iliyo jirani na Moshi, hazikutengenezwa na mtu yeyote. Sehemu ya mapato yake kumfikia mzee aliyelima nchi hii kwa miaka hamsini si fadhila. Ni kidari chake.

Hivyo basi, maoni yetu ni kwamba fungu la msingi halipingani na methali ya jembe, mradi lianze na wale ambao methali yenyewe isingewapa jembe, na mradi lisile shule wala zahanati. Wako watakaoliunga mkono kwa sababu ya dini, wengine kwa ajili ya Ujamaa, na wengine kwa sababu ya kupunguza makarani. Waje wote na makoleo yao. Tunawaomba walimu walifanye jambo hili kuwa mjadala darasani, na wasiwaachie wanafunzi kuchagua upande kwa kutazama nani kasema. Wawaagize wapige hesabu, kisha wakawaulize wazee wa kwao.

Ama sisi, daftari lile la mahindi hatulishiki tena, na bibi yule amekwisha kutangulia mbele ya haki. Kila tupitapo njia ile huitazama nyumba yake. Bati limeshika kutu sasa, na hakuna apitaye hapo leo ambaye angelikata jina lake kwa sababu ya mng'aro.